Mlinda Mlango Asiyeacha Lango Lake



Wakati wa kiangazi, shule zikifungwa, misioni nyingi hukusanya vijana wa vijiji wapate kushindana kwa mpira. Timu zatoka huku na huku, nyingine kwa miguu, nyingine kwa baiskeli, na mama zao wabeba unga na samaki wakavu wa kuwalisha. Siku ya mwisho watu hujaa pande zote za uwanja. Tena mahali pengine, kabla ya mchezo wa kumaliza, huwekwa shindano jingine dogo. Si la timu na timu. Ni shindano la walinda mlango peke yao. Kila kijiji hutoa mmoja, yule asimamaye golini, naye hujaribiwa mbele ya watu wote bila mwenzake hata mmoja wa kumsaidia.

Siku nyingine zote watu humshangilia mfungaji. Hapa mfungaji ni mtumishi tu: kazi yake ni kupiga mpira na kurudi nyuma. Macho yote yamtazama yule aliyesimama kati ya miti miwili.

Shindano hili lina fundisho kubwa kwa mtu anayejitayarisha kupokea ubatizo. Lamfaa hasa mkatekumeni wa namna moja, ambaye hakosekani vijijini. Amemaliza mafundisho, ajua sala na amri za Mungu, Padri amemwita, lakini yeye asema moyoni mwake: “Nikibatizwa nitaanguka tena katika dhambi, na watu watanicheka. Afadhali ningoje mpaka niwe mzee.” Maneno haya yamhusu huyo kwanza, na baada yake Wakristu wote.

I. Bawabu katika Injili

Kiswahili chamwita mchezaji huyu mlinda mlango. Katika Injili yuko mlinda mlango pia, naye ni bawabu. Mtakatifu Marko, katika sura ya 13, asimulia mfano aliouweka Bwana Yesu, wa mtu aliyesafiri akawaachia watumishi nyumba yake. Kila mtumishi alipata kazi yake, na kazi ya bawabu ilikuwa kukesha, kwa kuwa hakuna aliyeijua saa ya kurudi kwake mwenye nyumba.

Angalieni kazi ya huyo bawabu. Jioni mlimaji aonyesha matuta yake. Mpishi aonyesha chungu kilichojaa. Mwenye kuteka maji aonyesha mtungi. Bawabu ataonyesha nini? Ataonyesha nyumba ambayo mwivi hakuiingia. Kazi yake njema ni jambo lisilotokea, wala hakuna anayemwimbia kwa ajili yake. Ndivyo ilivyo katika mpira. Mshambuliaji akikosa mara tisa na kufunga mara moja, abebwa mabegani. Mlinda mlango akizuia mara tisa na kukosa mara moja, watu wasema: “Ametupoteza.”

Ndivyo ilivyo tena kwa roho ya Mkristu. Moyo wa mtu ni nyumba, nayo ina milango: macho, masikio, kinywa na mikono. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 4, Mungu alimwonya Kaini kwamba dhambi yamwotea mlangoni, naye yampasa kuishinda. Kaini hakulinda mlango. Hasira iliingia kwanza, na nyuma ya hasira likaingia tendo la kumwua ndugu yake. Mwenye Zaburi alijua hatari hiyo, akamwomba Mungu amwekee mlinzi kinywani. Basi mtu anayebatizwa apewa nyumba iliyosafishwa, apewa na kazi ya bawabu siku ile ile.

II. Majaribu manne

Shindano la walinda mlango huwa na majaribu mengi. Manne yatosha kwa fundisho hili.

Jaribu la kwanza ni kujua mahali pa kusimama. Goli la watu wazima lina upana wa meta 7.32, na kimo cha meta 2.44. Mtu akinyosha mikono yote miwili, hafikii hata theluthi moja ya upana huo. Basi hakuna anayelinda goli kwa ukubwa wa mwili wake. Kijana asiyefundishwa hubaki nyuma kabisa, juu ya mstari, akangoja mpira umfikie. Aliyefundishwa hutoka hatua chache, akasimama katika njia itokayo kwenye mpira mpaka katikati ya goli, na mara lango lote laonekana jembamba machoni pa mpigaji.

Anayetaka kuelewa sababu yake na ajaribu usiku nyumbani kwake kwa taa. Akiweka kiganja karibu na ukuta, kivuli chake ni kidogo kama kiganja chenyewe. Akikisogeza karibu na taa, kivuli chajaza ukuta. Mpira ni kama taa, goli ni kama ukuta, mlinda mlango ni kama kiganja. Adui huzuiwa vema karibu na mahali anapotoka.

Ndivyo apaswavyo kufanya mwenye kushindana na dhambi. Mtu ajuaye kwamba pombe yamshinda asingoje mpaka aketi mbele ya chungu, wenzake wakicheka na kikombe kikiwa mkononi. Pale amekwisha kurudi juu ya mstari, na goli lote li wazi nyuma yake. Aikatae njiani, saa ile anapoitwa. Mwenye ugomvi na jirani kwa ajili ya mpaka wa shamba asingoje mpaka panga liwe mkononi. Amwendee mzee wa kijiji asubuhi, hasira ikingali ndogo. Lakini kijana akitoka mbele mno, mpira hupitishwa juu ya kichwa chake ukaingia nyuma. Huyo ni mtu wa kiburi, asemaye: “Mimi hakuna kishawishi kinachoniweza, naweza kwenda popote.”

Jaribu la pili ni kudaka. Mwalimu hutazama mambo mawili: mikono miwili pamoja, na mwili nyuma ya mikono. Mpira wa chini ukija, kijana hupiga goti, ili ukiponyoka vidoleni ukutane na mguu wake au kifua chake. Anayedaka kwa mkono mmoja, apate kupigiwa makofi, huuona mpira ukimteleza siku ya mvua. Nia ya mtu ni kama vidole hivyo: ni njema, lakini yateleza. Kwa hiyo Mkristu haweki nia yake peke yake mbele ya kishawishi. Nyuma ya nia aweka sala ya asubuhi na ya jioni, Misa ya Dominika, na neema ya masakramenti. Naye pia hupiga goti.

Jaribu la tatu ni kuutoa mpira. Watu hudhani kwamba mpira ukidakwa kazi imekwisha. Sivyo. Tangu mwaka 2025 sheria ya mpira yamkataza mlinda mlango kuushika mpira mikononi zaidi ya sekunde 8. Mwamuzi ahesabu sekunde tano za mwisho kwa vidole vyake, watu wote wakiona. Na muda ukipita, timu ya pili yapewa kona. Yaani mpira uliodakwa si mali ya aliyeudaka. Ameupata awape wenzake. Katika shindano waamuzi huangalia kama ameutupa vema, ukafika miguuni pa mtu aliyetajwa, au kama ameupeleka ovyo majanini.

Ndivyo ilivyo neema ya Mungu. Mkatekumeni aliyejifunza sala ya Baba Yetu jana amfundishe mdogo wake leo. Mama aliyesikia habari ya Msamaria mwema aisimulie mbele ya mafiga, watoto wakingoja ugali. Neema haikutolewa ifungwe kifuani pa mtu mmoja.

Jaribu la nne ndilo linalongojwa na watu wote, nalo ni penalti. Mpira wawekwa meta 11 mbele ya goli. Mlinda mlango hana ruhusa ya kuuendea. Mpaka mpira upigwe, yampasa awe na mguu mmoja angalau juu ya mstari au sawasawa nao. Mpira uendao kwa mwendo wa kilometa 100 kwa saa wafika golini kwa muda usiotimiza nusu sekunde. Kwa hiyo, hata kwa walinda mlango wenye sifa duniani, penalti nyingi huingia.

Mwaka 2007 wataalamu wa Israeli walitoa hesabu ya penalti 286 zilizopigwa katika mashindano makubwa. Waliona kwamba walinda mlango waliruka kushoto au kulia zaidi ya mara tisa katika kila kumi. Kumbe, kwa kadiri ya hesabu, wale waliobaki katikati walifaulu zaidi. Basi mbona waliruka? Wataalamu walieleza hivi: mtu akiruka na kukosa, husemwa kwamba amejitahidi, akisimama na kukosa, huonekana kama mtu aliyekaa bure. Kwa hiyo kusimama kwamwia mtu vigumu kuliko kuruka.

Neno hilo limguse Mkristu. Mara nyingi Mungu ataka kazi isiyoonekana: kunyamaza mtu anapotukanwa, kumwuguza mke mwezi baada ya mwezi, kurudi kwenye mafundisho kila juma hata mvua ikinyesha. Lakini mtu apenda kuruka. Aimba kanisani kwa sauti kubwa kupita wote, na nyumbani hasemi na ndugu yake. Aliyesimama mahali pake kwa ajili ya Mungu amefanya kazi, hata kama hakuna aliyemwona.

III. Mfano wa vijana wanne

Sikilizeni sasa mfano. Vijana wanne waitwa kwenye jaribu la penalti. Kila mmoja atapigiwa mipira kumi. Sheria yasema kwamba zawadi ni ya yule atakayezuia mingi, naye awe amesimama mpaka mpira wa kumi.

Kijana wa kwanza aruka vizuri mno. Aruka kama chui, hata kabla mpira haujapigwa, na watu wapiga vigelegele. Lakini yeye aenda kushoto, na mpira waenda kulia. Katika mipira kumi azuia miwili.

Kijana wa pili ni hodari kupita wote. Katika mipira mitano ya kwanza azuia minne. Wa sita wamfunga. Wa saba wapita katikati ya miguu yake, na watoto wacheka. Kijana aona haya. Avua glovu zake, azitupa chini, aupiga teke mti wa goli, aenda zake.

Kijana wa tatu si mrefu, wala hana sifa. Mpira wa kwanza wamfunga, wa pili wamfunga tena. Kila mara ageuka, aingia wavuni, auokota mpira kwa mikono yake mwenyewe, amrudishia mpigaji, kisha asimama tena mstarini na kunyosha mikono. Mpaka mwisho amefungwa mara sita, amezuia minne.

Kijana wa nne alipoitwa hakuonekana. Alikuwa amejificha nyuma ya mwembe, kwa kuogopa kufungwa. Jioni ajisifu mbele ya wenzake: “Leo mimi hakuna aliyenifunga.” Hakusema uwongo. Lakini goli la kijiji chake lilibaki tupu siku nzima.

Mwamuzi ampa kijana wa tatu zawadi. Wazazi wa kijana wa pili wanung'unika, wasema: “Mtoto wetu amezuia minne kama huyu. Tena amefungwa mara tatu tu, na huyu amefungwa mara sita!” Mwamuzi awajibu: “Ni kweli, wazee wangu, mtoto wenu alifungwa mara tatu. Kisha akaliacha lango. Mipira mitatu iliyobaki, nani angeizuia?”

Maana ya mfano ni wazi. Kijana wa kwanza ni mtu atafutaye sifa katika mambo ya Mungu. Kijana wa pili ni Mkristu aliyeanza vema, akaishi vema miaka mingi, kisha akaanguka siku moja. Labda aliiba fedha za chama, au alimwingilia mke wa mtu, na kijiji chote kikajua. Tangu siku hiyo haonekani kanisani. Dhambi moja ilimwangusha, lakini haya ndiyo iliyomtoa golini. Na nyumba isipokuwa na bawabu, dhambi nyingine zote huingia bila kubisha hodi. Kijana wa tatu ni Mkristu aendaye kuungama. Auokota mpira mwenyewe, yaani ataja kosa lake kwa kinywa chake, hamsingizii mwenzake, kisha arudi kazini. Kijana wa nne ni yule mkatekumeni aliyetajwa mwanzoni, aogopaye ubatizo asije akaanguka baadaye.

Lakini pana jambo la kuangaliwa sana, mfano usije ukampoteza mtu. Kufungwa goli si kosa. Mlinda mlango aweza kufanya yote vema, na mpira ukampita. Dhambi si hivyo, kwa kuwa mtu hutenda dhambi kwa kuikubali. Mtakatifu Paulo awafundisha Wakristu wa Korinto kwamba Mungu hamwachi mtu ajaribiwe kupita nguvu zake. Katika jaribu lenyewe ampa mlango wa kutokea. Basi asiseme mtu: “Kuanguka ni desturi ya watu, nitaungama kesho.” Kijana wa tatu hakuufungulia mpira hata mmoja. Mara zote kumi alijitahidi kwa nguvu zake zote. Alihuzunika kila alipofungwa, lakini huzuni yake ilimrudisha mahali pake, haikumfukuza.

IV. Habari ya Kazadi

Mifano ya kuwaza ni mizuri, lakini habari za kweli zatia moyo zaidi. Wapenzi wa mpira katika Kongo wamkumbuka Mwamba Kazadi, mlinda mlango wa Lubumbashi. Timu yake ni ile iitwayo leo TP Mazembe, iliyoanzishwa mwaka 1939 na mapadri Wabenedikto kwa ajili ya vijana wa Élisabethville, na zamani zake Kazadi ikiitwa Englebert. Pamoja nayo alipata kombe la vilabu vya Afrika mwaka 1967 na 1968. Pamoja na timu ya taifa alipata Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1968 na tena 1974.

Mwaka huo wa 1974, mwezi wa Juni, nchi yake, ambayo wakati ule iliitwa Zaire, ilikwenda Ujerumani ya Magharibi kucheza Kombe la Dunia. Lilikuwa taifa la kwanza la kusini ya Sahara kufika huko. Tarehe 14 ilifungwa na Uskoti magoli 2. Tarehe 18 ilisimama mbele ya Yugoslavia. Dakika 20 hazijatimia, Kazadi alikuwa amekwisha kufungwa mara tatu. Kocha akamtoa, akamweka mlinda mlango mwingine, lakini magoli hayakukoma mpaka yakafika 9. Habari ile ilikwenda dunia nzima, na watu wengi walicheka.

Hebu mfikirie mtu huyo. Miezi mitatu tu nyuma alikuwa mshindi wa Afrika. Sasa ametolewa golini mbele ya ulimwengu wote, mchezo ukiwa bado kuanza vema. Na siku nne baadaye, tarehe 22, ilibaki kucheza na Brazili, waliokuwa mabingwa wa dunia. Nani alisimama golini siku ile? Kazadi alisimama. Zaire ilifungwa magoli 3, ikarudi nyumbani. Hakuna zawadi aliyopewa kwa ajili ya siku ile. Lakini mtu aliyetolewa kwa haya alirudi katikati ya miti miwili, akanyosha mikono yake mbele ya wachezaji hodari kupita wote.

Ikiwa mtu aweza kurudi hivyo kwa ajili ya mchezo, je, Mkristu ashindwe kurudi kwa ajili ya roho yake? Mtakatifu Paulo alisema habari za washindanaji wa zamani, waliojinyima vitu vingi wapate taji la majani linalonyauka, ambapo Mkristu angojea taji lisiloharibika. Tena kitubioni hakuna watu wa kucheka. Yuko Padri mmoja, aliyefungwa kinywa na sheria ya Kanisa, na yuko Mungu ambaye amengoja.

V. Ubatizo usikimbiwe

Hofu ya yule mkatekumeni si ngeni. Mtakatifu Augustino alizaliwa mwaka 354 katika Afrika ya Kaskazini, na mama yake, Mtakatifu Monika, alikuwa Mkristu mwema. Alipokuwa mtoto aliugua sana, akaomba ubatizo, na vyote vikatayarishwa. Lakini alipopona, ubatizo uliahirishwa, kwa kuwa watu wa siku zile walihesabu dhambi za baada ya ubatizo kuwa nzito zaidi, wakaona afadhali ujana upite kwanza. Ujana ulipita, na Augustino alizama katika dhambi kama mtu asiye na mlinzi nyumbani mwake. Alibatizwa Pasaka ya mwaka 387 na Mtakatifu Ambrosio katika mji wa Milano, umri wake miaka 32. Alipokuwa Askofu aliandika habari za maisha yake, na humo alilalamika kwamba ingalikuwa heri kwake kama angaliponywa mapema.

Angalieni vema: kungoja si dhambi, kama Kanisa ndilo lililoagiza kungoja. Mafundisho yana miaka yake, na Padri ana sababu zake. Mkatekumeni anayengoja kwa utii ni kama kijana anayejifunza kudaka kabla ya siku ya shindano. Lakini yule aliyeitwa akajificha nyuma ya mwembe hajifunzi kitu. Ajidanganya tu kwamba hajafungwa. Adui ampiga hata sasa, naye hana mikono ya kudakia.

Wala asifikiri mtu kwamba bawabu ameachwa peke yake. Zaburi ya 121 yafundisha kwamba yuko Mlinzi asiyesinzia wala kulala, naye ni Mungu mwenyewe. Mungu amempa kila mtu malaika mlinzi. Katika Kipaimara ampa nguvu za Roho Mtakatifu. Katika Komunyo Bwana mwenye nyumba aingia mwenyewe na kuketi. Katika Kitubio amsimamisha tena aliyeanguka. Hakuna timu duniani yenye msaada wa namna hiyo.

VI. Walinzi wawili wa kufuatwa

Katika nchi ya Polandi, mji wa Wadowice, alizaliwa mwaka 1920 kijana Karol Wojtyła. Alipenda mpira, na mahali pake palikuwa golini. Tena vijana Wayahudi wa mji ule walipokosa mlinda mlango, yeye Mkatoliki alikubali kuwalindia goli lao. Mwaka 1978 alichaguliwa kuwa Baba Mtakatifu, akaitwa Yohane Paulo II. Mwaka 1980 alifika Kongo, Kinshasa na Kisangani, na watu wengi wa huko walimwona kwa macho yao.

Tarehe 13 Mei 1981, katika uwanja wa Mtakatifu Petro huko Roma, mtu mmoja alimpiga risasi, akakaribia kufa. Chuki ilikuja mlangoni pake siku ile, tena kwa sababu ambayo kila mtu angeiona ya haki. Hakuifungulia. Alimsamehe mtu yule akiwa angali hospitalini, na mwaka 1983 alimwendea gerezani, akaketi karibu naye, wakasemezana. Mwaka 2014 Kanisa lilimtangaza kuwa Mtakatifu.

Wa pili ni binti wa Kongo. Sista Anuarite Nengapeta wa shirika la Jamaa Takatifu aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, siku za vita vya waasi. Mkubwa wa askari alitaka kumtwaa kwa nguvu, naye alikataa kuivunja ahadi aliyomwekea Mungu. Alilinda mlango mpaka kufa, na alipokuwa akiuawa alimsamehe mwuaji wake. Yohane Paulo II alikuja Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985 akamtangaza kuwa Mwenye heri. Ndivyo mlinzi mmoja alivyomheshimu mlinzi mwenzake.

Basi, mkatekumeni uliyeitwa, toka nyuma ya mwembe, ukasimame mahali pako. Na wewe Mkristu uliyetupa glovu zako chini, ziokote. Mipira mingine ingali inakuja, na lango ni lako kulilinda.

Maulizo kwa wakatekumeni

1. Kazi ya bawabu yaonekana kwa jambo gani?
2. Milango ya moyo ni ipi? Mlango upi wakusumbua wewe zaidi?
3. Mfano wa taa na kiganja wafundisha nini juu ya vishawishi?
4. Kwa nini kijana wa pili hakupewa zawadi, naye alikuwa hodari kupita wote?
5. Je, Mkristu aweza kusema, “Nitatenda dhambi leo, nitaungama kesho”? Eleza sababu.
6. Katika kijiji chako, ni nani aliyeacha goli kwa haya? Usimtaje mbele ya watu. Mwendee nyumbani juma hili, umsalimu.